Debe la Punje za Manjano

Endarasha
Jumapili, 2 Septemba 1984
Asubuhi: baridi kali, ukungu hadi karibu saa nne, kisha jua. Mvua hakuna.

Mpendwa Zuena,

Natumaini wewe, Mzee Sulemani na kaka yako Shee hamjambo. Najua utanicheka kwa kuanza na hali ya hewa. Ni mazoea ya shajara, ile ile uliyonitania nayo tangu tukiwa bwenini. Mwaka huu nimeandika "mvua hakuna" mara nyingi mpaka mkono unaandika wenyewe.

Nakuandikia kwa sababu ya panya. Mahindi yetu yalikauka yakiwa urefu wa goti, na panya waliokuwa wakiishi shambani wote wamehamia nyumbani. Wamo ghalani, wamo kwenye paa la zizi, wamo chini ya banda la kuku. Juzi kuku aliyekuwa akilalia mayai alikutwa asubuhi amekaa juu ya maganda matupu, na kidole kimoja cha mguu hana. Wanapita juu ya mgongo wa Malkia wakifuata chumvi yake, na wamemng'ata chuchu moja. Akiwasikia anasimama, kwa hiyo ng'ombe mwenye mimba anakesha amesimama.

Unajua Malkia ni nani kwetu. Ngendo yuko kwa mama yangu Chogoria tangu Juni, kwa sababu hapa hakuna maziwa, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kukua kwa chai ya rangi. Nilipomwacha alishika sketi yangu. Nikamwambia, "Malkia akizaa nitakuja kukuchukua." Mtu wa mifugo alikadiria katikati ya Novemba. Ndiyo sababu ninamlinda ng'ombe huyu kama mboni ya jicho.

Nguzo za ghala nimezizungushia mabati ya madebe ili wasipande. Wakapanda kwa tawi la mkaratusi, nikalikata. Nilimwaga maji kwenye mashimo yao, nikaacha, maana maji yenyewe tunayafuata mbali. Mtego niliouazima kwa jirani ulinasa panya mmoja na kuku wawili.

Usidhani tuna njaa. Chakula kipo cha kutosha. Ila kuna gunia moja la mbegu ambalo sitaki liguswe kabla ya mvua. Theuri wangu yuko Nanyuki bado, jikoni kwa ile hoteli, na huja siku moja akipata ruhusa, kwa hiyo vita hivi ni vyangu na mama yake. Mna dawa gani dukani?

Mama mkwe anakusalimu. Anasema mahamri uliyoleta siku ya harusi yetu hajayasahau.

Rafiki yako,
Gaceri


Majengo, Nyeri
12 Septemba 1984

Shoga yangu Gaceri,

Salaam nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako niliisoma kwa sauti pale dukani, na nilipofika kwenye kuku wawili baba alicheka mpaka akavua miwani. Usikasirike. Siku hizi hakuna anayecheka, wanunuzi wanaingia, wanagusa bei kwa macho, wanatoka.

Kwanza nilifikiria kukuletea paka. Unajua paka wa Majengo hatuwauzi, anayemtaka anamchukua. Shee akasema paka wetu amezoea vichwa vya samaki na kulala juu ya magunia, huko Endarasha panya watamfanya mtumishi wao.

Kwa hiyo nakutumia debe hili dogo kwa mkono wa Ndungu, kondakta wa basi lenu. Shee ameitengeneza dawa mwenyewe. Anasema panya wa shamba hawadanganyiki kwa unga, wanaijua punje, basi amelowesha punje nzima katika dawa ya maji akazianika. Sikiliza vizuri, maana hili si la mchezo. Dawa hiyo ikikauka haina rangi wala harufu. Ndiyo maana hakutumia mahindi meupe, asije mtu akayapika githeri. Ametumia ya manjano, haya ya serikali yaliyokuja kwa meli. Hapa mjini watu wanayapangia foleni huku wakiyatukana, ati ni chakula cha kuku wa Wazungu. Shee alisema, "Huko kwa Gaceri kila punje ni nyeupe. Hata mtoto akiona ya manjano atajua si ya kuliwa." Mwambie mama mkwe hivyo hivyo: ya manjano ni sumu.

Weka punje chache kwenye kigae karibu na shimo jioni. Asubuhi okota zilizobaki, nawa mikono kwa sabuni. Debe litundike juu, mahali kuku na Malkia hawafiki.

Nimemshonea Ngendo gauni la maua, nitalituma. Mwambie Malkia tunamngojea hata sisi tusiomjua.

Wako,
Zuena binti Sulemani


Endarasha
Jumatatu, 24 Septemba 1984
Asubuhi: anga safi, upepo wa vumbi kutoka upande wa Nyandarua. Mvua hakuna.

Mpendwa Zuena,

Ndungu alinikabidhi debe mkononi, akakataa hata kulitia kikapuni pamoja na mkate wake. Nililitundika kwa waya kwenye boriti ya ghala siku hiyo hiyo. Nilimwita mama mkwe nikamwonyesha. Nikamwambia, ya manjano ni sumu. Akarudia maneno hayo taratibu kama mtu anayeapishwa, kisha akaniuliza kama ya manjano yanaota. Nikasema sijui.

Asubuhi ya kwanza nilikuta panya kumi na mmoja. Mama aliwapanga kwa mkia kwenye ukingo wa zizi, akaita jirani yetu Wacera aje aone. Wacera akasema, "Wanene kuliko watoto wetu." Tukacheka wote. Niliwazika mbali na mbwa.

Kuku wamerudi kutaga. Chuchu ya Malkia imepona, na usiku analala chini, namsikia akicheua. Ndama anapiga teke ukiweka mkono upande wa kulia. Mama huenda kuweka mkono wake kila jioni, halafu anarudi ndani amefurahi.

Mwambie Shee asante. Jana nililala kabla ya saa nne, mara ya kwanza tangu Julai.

Rafiki yako,
Gaceri


Majengo, Nyeri
3 Oktoba 1984

Shoga yangu,

Nimemsomea Shee barua yako na sasa hakai chini, kila mkulima anayeingia anahadithiwa panya kumi na mmoja. Kwa hadithi ya leo walikuwa thelathini.

Gauni nimelifunga humu. Kama limekuwa refu usilikate, pinda tu, mtoto anakua.

Huku foleni inarefuka. Wanawake wanalala nje ya ghala la serikali wakiwa na watoto mgongoni. Nasikia hata upande wenu wa Kieni machifu wameanza kuandika majina ya watu watakaopewa chakula. Baba aliuliza kama na nyinyi mmo. Nikamwambia, hapana baba, kwa Gaceri wana ghala. Alifurahi. Alisema mwanamke anayeandika kila siku mvua ilinyesha au haikunyesha hawezi kupatwa na njaa kwa kushtukizwa.

Wako,
Zuena


Endarasha
Jumapili, 14 Oktoba 1984
Asubuhi: mawingu mazito juu ya mlima, yakatawanyika kabla ya saa sita. Mvua hakuna.

Mpendwa Zuena,

Gauni ni zuri mno. Sitaki kulituma kwa posta. Jumatano nitakwenda Chogoria nimvalishe mwenyewe, nirudi Jumapili. Ni safari ya kuuzunguka mlima mzima, lakini mama yangu ameandika kwamba Ngendo ameanza kumwogopa mtu yeyote anayefika na kikapu, anadhani anakuja kumhamisha tena.

Panya wamekuwa wajanja. Hawazigusi tena punje za Shee, wanazisukuma pembeni kwa pua. Nimeacha kuzitega, debe liko boritini vile vile, limejaa zaidi ya nusu. Wamerudi ghalani, ingawa si wengi kama mwanzo. Usiku nasikia mmoja akiguguna, anasimama, mwingine anaendelea.

Kuhusu majina, ni kweli wanaandika. Naibu wa chifu alipita hapa. Nilimwambia awaandike wenye shida kwanza. Mama alikuwa mlangoni, akanitazama, akaingia ndani. Sikupenda Theuri asikie kwamba tumeandikwa wakati yeye yuko kazini. Nawe usiwe na wasiwasi juu yetu.

Imebaki kama mwezi mmoja Malkia azae. Nimekata majani ya migomba kwa watu wa mtoni, ndiyo anayokula.

Rafiki yako,
Gaceri


Majengo, Nyeri
Jumamosi, 20 Oktoba 1984

Gaceri,

Naandika haraka, basi linaondoka. Theuri amepita dukani sasa hivi akirudi Nanyuki. Alikuwa kwenu jana, wewe ulikuwa hujarudi kutoka Chogoria. Alisema kama mtu anayesimulia kichekesho kwamba mama yake amekwenda mwenyewe kwa chifu Alhamisi, akapewa mahindi, na sasa anapiga kelele nyumba nzima kwa sababu ni ya manjano.

Gaceri, sasa yapo ya manjano ya kuliwa nyumbani kwako. Nilimwuliza Theuri kuhusu debe la ghalani, hajui debe lolote. Alitaka kurudi, lakini leo hakuna gari lingine la kumrudisha kazini na akikosa zamu ya kesho wanamfukuza. Nikamwambia nitakuandikia.

Ndungu ameniapia atakupa mkononi, au kama hujafika, atampa jirani amsomee mama. Lizike hilo debe. Usilichome, lizike. Nifahamishe kwamba nyote mko salama, nitakaa bila kulala mpaka nisikie.

Zuena


Endarasha
Jumanne, 23 Oktoba 1984
Asubuhi: jua. Hakuna wingu.

Mpendwa Zuena,

Watu wote tuko salama. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolitafuta.

Gari la Ndungu liliharibika Mweiga. Barua yako niliipata jana jioni. Malkia alikufa Jumapili.

Nilifika kutoka Chogoria jua likiwa linakaribia kuzama. Mama alikuwa amekaa chini nje ya zizi, amejifunga shuka kichwani kama mtu anayeumwa meno. Malkia alikuwa amelala upande, shingo imenyooka, macho wazi. Karibu na hori lake kulikuwa na debe lako, tupu, limefunikwa kwa uangalifu kama chombo kitakachotumika tena.

Nilimwuliza, "Mama, hili debe umelitoa wapi?"

Akasema, "Pale ulipolificha."

Alinieleza pole pole, nami nitakueleza kama alivyosema. Siku ile naibu wa chifu alipokuja aliona aibu yangu, akangoja nisafiri, akaenda kuandikisha jina lake mwenyewe. Alhamisi akapewa kopo lake. Alipofunua na kukuta punje za manjano alikumbuka nilichomwambia, akaogopa, akamwuliza mgawaji kama ni sumu. Watu wote kwenye mstari walimcheka. Akarudi nyumbani akifikiri. Chifu hawezi kugawia watu sumu. Kwa hiyo mimi ndiye niliyedanganya. Aliona kwamba nilikuwa nimeshapewa zangu zamani, nikaona haya, nikazitundika juu, nikasema ni sumu ili asiziguse wala asimwambie mtu.

"Sikukasirika," aliniambia. "Nilijua ni haya tu."

Nikamwuliza kwa nini hakuzila yeye. Hii ndiyo sehemu ninayoisikia hata sasa. Akasema, "Mimi si kuku. Nimekula mahindi meupe tangu nizaliwe. Nilisema Malkia ale, ashibe, atoe maziwa, Ngendo aje."

Jumamosi jioni alimpa lile kopo la chifu. Malkia alilimaliza na kulamba hori. Basi akashusha debe.

Jana watu walikuja na visu na makarai. Sikuwaita, habari ilikwenda yenyewe. Niliwaambia nyama ina sumu. Wacera akasema, "Sumu gani ambayo mama wa nyumba anamlisha ng'ombe wake kwa mkono? Sema hutaki kutugawia." Wengine walisimama tu wakimtazama Malkia. Kuna mmoja alikuwa na mtoto ambaye shingo haibebi kichwa. Nilichukua dawa ya kupe, nikammwagia Malkia mwili mzima mbele yao, mpaka tumboni ndama alipokuwa. Hapo ndipo walipoamini, au walipokata tamaa, sijui. Waliondoka bila kuaga. Kuchimba tulichimba wawili, mimi na mama.

Ngendo alivaa gauni. Limemfaa. Nilipoondoka hakulia, alisimama langoni akahesabu kwa vidole. Nilikuwa nimemwambia mwezi mmoja.

Gaceri


Majengo, Nyeri
30 Oktoba 1984

Gaceri mwenzangu,

Nimeanza barua hii mara tatu. Baba amesema nikupe pole kwa niaba yake, na kwamba dawa ya namna ile haitaingia tena dukani kwake. Shee anasema kosa ni lake kwa kuchagua rangi. Mimi nasema ni langu kwa kukutumia.

Kuna jambo linanisumbua, na nitaliuliza hata kama utanichukia. Uliniandikia kwamba chakula kipo cha kutosha. Nilikuamini kwa sababu uliandika kwa mwandiko wako ule ule mzuri, mistari imenyooka. Je, kilikuwapo? Kama ningejua kwamba na nyinyi mtafikiwa na mahindi ya meli, ningemwambia Shee atie wino, atie hata samawati ya kufulia. Ilikuwa kitu kidogo sana kuniambia.

Sikulaumu. Naandika, nafuta, naandika tena kwamba sikulaumu.

Nimempa Ndungu kifurushi cha unga. Ni mweupe, nimeutafuta mpaka Karatina, mpikie mama. Mbegu sikupata. Watu wameona umeme upande wa mlima, wakazimaliza dukani kwa siku mbili, na hatuambiwi nyingine zitakuja lini. Mshukuru Mungu lile gunia lako ulilihifadhi. Mvua ikinyesha utapanda, na mwenye shamba lililopandwa ana la kungojea. Ngendo atangojea mahindi badala ya ndama, inshallah.

Zuena


Endarasha
Jumapili, 18 Novemba 1984
Asubuhi: mvua. Ilianza juzi usiku na haijakatika. Mlima hauonekani.

Mpendwa Zuena,

Unga tuliupata, asante. Mama aliupika ugali wa kwanza akaula wote peke yake, akaomba radhi.

Uliniuliza kama chakula kilikuwapo. Hapana. Kilikuwa kimekwisha tangu mwezi wa saba. Tulikuwa tukila viazi vidogo vile vya kulisha nguruwe, na siku nyingine chai. Mistari yangu ilinyooka kwa sababu niliweka rula chini ya karatasi.

Usiseme ni kosa la rangi, na Shee asiseme hivyo.

Theuri alikuja kwa maziko ya ng'ombe, kama mama anavyoyaita, akiwa amechelewa wiki nzima. Hakumgombeza mama yake wala mimi. Alizunguka ghala, akagusa mabati niliyoyazungushia nguzo, akasema ni kazi nzuri. Kisha akasema tufunge nyumba tuhamie chumba chake Nanyuki. Mama akamjibu kwamba mume wake amezikwa hapa na yeye hapandi gari. Siwezi kumwacha. Theuri amerudi kazini.

Jana mvua ilipolowesha udongo vizuri nilishusha gunia la mbegu. Mshono ulikuwa mzima, nikafurahi. Nilimimina kidogo kwenye ungo. Punje ni nzima ukizitazama kwa mbali. Ukiigeuza moja, kile kiini laini kilicho kwenye ncha, kinachoota, hakipo. Kimetolewa kama kwa sindano. Niligeuza nyingine, na nyingine. Panya walikuwa wameingia kwa chini, kwenye ubao, wakachagua sehemu wanayoipenda wakaacha iliyobaki. Nilikaa na ungo mapajani mpaka chini kabisa ya gunia, nikitafuta yenye kiini, nikapata kiasi cha kujaza kiganja.

Mama alikuja na jembe begani. Alikuwa amejifunga kibwebwe, na tangu Malkia afe sikuwa nimemwona akisimama wima hivyo. Akasema, "Wewe chimba, mimi nitaweka mbegu. Mkono wangu haujawahi kukosa." Sikumwambia. Nilichimba mashimo na yeye akanifuata, mbegu tatu kila shimo, akifukia kwa mguu na kuzungumza na Ngendo kana kwamba yuko pale, akimwambia mahindi haya ni yako. Tulipanda mpaka giza likaingia. Chache zilizo nzima zimo humo humo, hata mimi sijui ziko shimo gani. Atakuwa akienda kuangalia kila asubuhi.

Nimemwandikia mama yangu Chogoria. Januari amwandikishe Ngendo shule ya chekechea huko huko. Nimemwomba asimwambie kwamba nitakuja, kwa kuwa anahesabu.

Panya wamehama. Hakuna tena kitu cha kuwaweka hapa, si ghalani, si zizini. Nilikuwa nikidhani siku watakapoondoka nitalala usingizi wa mtoto. Jana nililala nikingoja niwasikie, hata mmoja, juu ya boriti. Ilisikika mvua tu, na mama upande wa pili wa ukuta akiniuliza kama nami naisikia. Nikamjibu naisikia.

Nililala saa tisa kasoro robo.

Gaceri